Kura ya 218: Muhula Mmoja wa Marjorie Margolies-Mezvinsky

KAKA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Marjorie Margolies-Mezvinsky, mwandishi wa habari wa televisheni aliyeingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwezi Januari 1993 na kutoka miaka miwili baadaye. Dada, hebu tueleze alivyoshinda.

DADA: Alipenya kwenye tundu la sindano, kaka. Wilaya ya 13 ya Pennsylvania, yaani jimbo la uchaguzi ambalo wakati ule lilikuwa viungani mwa Philadelphia, ilikuwa ngome ya Warepublican tangu 1916. Mbunge wao alipostaafu mwaka 1992, mama huyu wa chama cha Democratic alimshinda Jon Fox kwa kura 1,373 tu.

KAKA: Kisha ikaja bajeti ya Rais Clinton.

DADA: Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Bajeti ile ilipandisha kodi, hasa kwa matajiri, ambao kiwango chao cha juu kilifika asilimia 39.6, na matajiri hao walikuwa wengi katika wilaya yake. Alikwisha kuipinga rasimu ya awali, na hata siku ya kura ya mwisho, tarehe 5 Agosti 1993, wapigakura wake walijua kwamba angeipinga tena. Lakini Clinton alimpigia simu, naye akakubali kuiokoa bajeti iwapo kura yake ingehitajika, kwa sharti kwamba rais aje wilayani kwake kwenye mkutano wa kujadili matumizi makubwa ya serikali.

KAKA: Na ikahitajika.

DADA: Ilipita kwa kura 218 dhidi ya 216. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeiunga mkono, na Wademokrati 41 waliikataa. Alipokuwa akienda kupiga kura, wapinzani walimwimbia ukumbini: “Kwaheri, Marjorie!”

KAKA: Na Novemba 1994 Fox huyohuyo akamng’oa. Kwa hiyo kura ile ndiyo iliyomponza?

DADA: Ilimponza, ila tusiibebeshe mzigo wote. Mwaka ule Warepublican waliongeza viti 54 nchi nzima, na kiti kilichopatikana kwa kura 1,373 kingetikiswa na upepo wowote. Kwa maoni yangu, kilichomwumiza zaidi ni kigeugeu chenyewe, kwa kuwa mpigakura anaweza kuisamehe kodi, lakini ni vigumu kumsamehe mtu aliyemwambia “hapana” asubuhi na kusema “ndiyo” usiku.

KAKA: Mimi natofautiana nawe kidogo, dada yangu. Muhula wa mbunge kule ni miaka miwili, si mitano kama wetu. Angekuwa na miaka mitatu zaidi, huenda watu wangeyaona matunda ya bajeti ile kabla ya kumhukumu, maana kufikia 1998 serikali ya Marekani ilikuwa na ziada katika bajeti yake.

DADA: Hoja hiyo naikubali, ingawa uchumi uliokua kwa kasi nao ulichangia ziada hiyo. Sharti lake, hata hivyo, lilitimizwa: Clinton alifika Chuo cha Bryn Mawr mwezi Desemba 1993.

KAKA: Je, alijaribu kurudi bungeni?

DADA: Alisubiri miaka ishirini. Mwaka 2014 aligombea tena wilaya ya 13, mwanawe akiwa tayari mume wa Chelsea Clinton, binti wa rais yuleyule, lakini Brendan Boyle alimshinda katika kura za maoni za chama chao.