Upepo wa Tairi: Jaza Ngapi?

MWANAHAWA: Karibuni tena, wapendwa, tunakujieni kutoka Malindi. Kahindi, ukienda kwa fundi wa pancha anakuuliza, "Nijaze ngapi?" Wengi wetu twajibu, "Weka tu yasimame vizuri."

KAHINDI: Na jibu lipo kwenye gari, dadangu. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo, kuna kibandiko. Magari madogo mengi ni PSI, yaani kipimo cha msukumo wa upepo, 30 hadi 35, na pengine mbele na nyuma hayalingani. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako.

MWANAHAWA: Wako wanaopunguza makusudi, ili mashimo yasiwaumize mgongo.

KAHINDI: Ulaini wataupata. John Boyd Dunlop, kule Belfast, alianza na baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akasajili tairi la upepo mwaka 1888. Starehe ndiyo asili ya tairi la upepo. Lakini ukipunguza mno, ubavu unajikunja kila mzunguko na kupata joto, na kwenye kona gari linachelewa kukutii. Sasa shika njia ya Garsen, jua la saa nane, abiria na mizigo tele, matairi yana 20. Tairi likipasuka hapo unafanyaje?

MWANAHAWA: Mungu atuepushe. Na ukizidisha?

KAHINDI: Linarukaruka, linakanyaga kwa katikati tu, na breki hazishiki vizuri. Pitisha kiganja: pameliwa katikati, upepo ulizidi, zimeliwa kingo zote mbili, ulipungua. Ukingo mmoja peke yake, hilo mwachie fundi wa alainimenti, anayenyoosha magurudumu.

MWANAHAWA: Nipime saa ngapi?

KAHINDI: Asubuhi, kabla gari halijatembea. Ukitoka Kilifi mchana, geji yaweza kusoma 36 ulipoweka 32. Uache! Inanikera sana kuona mtu anabonyeza valvu, pssss, apunguze upepo wa moto. Kesho alfajiri tairi litakuwa chini ya kipimo.

MWANAHAWA: Nami napenda liwe laini kidogo.

KAHINDI: Anzia kwenye kibandiko, ukitaka kujaribu badilisha PSI 1 au 2 tu, kulia na kushoto sawa. Ukibeba familia nzima, fuata kipimo cha mzigo kwenye kibandiko.

MWANAHAWA: Na mchanga wa Mambrui?

KAHINDI: Hayo mengine kabisa. Kwa gari la foo-bai-foo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, shusha hadi 18 hivi, tairi litandae lisizame. Nenda pole, usikate kona ghafla, litachomoka kwenye rimu. Na ujaze kabla ya kurudi lami. Pampu ndogo ya umeme wa gari yatosha.

MWANAHAWA: Vijana wa bodaboda?

KAHINDI: Tairi la nyuma ndilo linalobeba abiria. Pikipiki nyingi zina kibandiko karibu na mnyororo, kipimo cha mtu mmoja na cha wawili. Mkisomeni.

MWANAHAWA: Spea je?

KAHINDI: Ipime pamoja na mengine. Imelala buti miezi, upepo unapungua polepole, na wewe utaihitaji usiku.