Vifaranga wa furu: nani atawachukua?

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hasa yule mwekundu ambaye jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Tumepata ujumbe kutoka kwa msikilizaji wa Kigamboni ambaye majike wake watatu wameatamia kwa mpigo, na anauliza vifaranga awapeleke wapi. Shija, wewe kwenu ni Mwanza, huyu samaki ni wa nyumbani.

SHIJA: Wa nyumbani kabisa, dada Rehema. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza, wakampa jina la Mwalimu. Mwaka huohuo Mwalimu aling'atuka urais. Leo yumo kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani, wakati sisi wengi ziwa letu tunalijua kwa sato, sangara na dagaa tu.

REHEMA: Kwa anayeanza, eleza huko kuatamia. Wengine wanadhani jike kavimba koo, anaumwa.

SHIJA: Haumwi. Jike akitaga anageuka mara moja kuyachukua mayai mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanafanana na mayai. Jike anayafuata yale madoa, na hapo ndipo anapopokea manii, mayai yanarutubishwa akiwa ameyashika. Kisha anakaa kama wiki tatu bila kula chochote cha maana. Ukiona taya limeshuka na anakataa chakula, ujue amebeba.

REHEMA: Na umhamishe lini?

SHIJA: Mimi husubiri wiki ya pili ipite. Ukimsumbua mapema anaweza kuyatema au kuyameza. Mhamishe usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa wavu laini, kwenye tangi dogo lenye maji yaleyale ya tangi kubwa na chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Sponji iwe imeshatumika kwenye tangi kubwa, kwa sababu wale bakteria wanaomaliza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanakaa humo. Chujio la nguvu litawafyonza vifaranga.

REHEMA: Kuna wanaomfungua jike mdomo kwa mkono ili watoe vifaranga.

SHIJA: Wapo, na wafugaji wakubwa hufanya hivyo. Mimi sipendi. Furu wa Victoria ni mama kweli. Akishawatoa, kwa siku kadhaa bado anawalinda, akishtuka anafungua mdomo na wao wanaingia wote. Mwache amalize kazi yake. Halafu, watu wanasahau hili: usimrudishe kwa dume siku hiyohiyo. Amefunga wiki tatu, hana nguvu, dume ataanza kumfukuza. Mlishe peke yake kwanza mpaka tumbo lijae.

REHEMA: Vifaranga nao wanakula nini? Nimesikia watu wakitumia kiini cha yai.

SHIJA: Kiini cha yai kinachafua maji haraka sana, kwenye tangi dogo ni hatari. Artemia, wale vijidudu wadogo kama uduvi, waliototoleshwa kwenye maji ya chumvi ni bora kuliko vyote, siku moja au moja na nusu wanakuwa tayari. Usipowapata, saga chakula cha kawaida kiwe unga. Kidogo kidogo, mara tatu nne kwa siku. Na maji ubadilishe, robo hivi, kila baada ya siku mbili. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza.

REHEMA: Sasa twende kwenye swali lenyewe. Anasema hana nafasi, na jirani amemshauri awamwage kwenye bwawa.

SHIJA: Hapana. Hapana kabisa, tafadhali. Hilo ndilo ziwa letu lilifanyiwa. Sangara alipandikizwa Victoria miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshika ziwa. Wataalamu wanakadiria aina zaidi ya mia mbili za furu zilipotea. Huyu wa Mwalimu alinusurika vizuri zaidi kwa kuwa anaishi kwenye miamba ya visiwa, ambako sangara hapendi kuwinda. Nikifikiria hilo naumia. Samaki wa tangi asiingie kwenye maji ya asili, hata akiwa mdogo namna gani.

REHEMA: Basi apewe nani?

SHIJA: Hilo aulize mapema, jike akiwa bado amebeba. Kila jike anaweza kutoa ishirini, thelathini. Majike watatu, piga hesabu. Azungumze na duka la samaki wa mapambo, na wafugaji wenzake. Na anayechukua achukue kundi, sita au zaidi. Ukimpa mtu wawili wawili, dume atamuua jike.

REHEMA: Na anayetaka madume mekundu tu?

SHIJA: Aambiwe ukweli. Wakiwa wadogo wote ni kijivu kama mama yao. Madume huanza kuchomoza rangi wakifika sentimeta nne, tano.

REHEMA: Na kama tangi lake lina aina nyingine za furu?

SHIJA: Hapo nitakuwa mkali kidogo. Majike wa furu wanafanana mno, na wanamchagua dume kwa rangi. Utafiti uliotoka mwaka 1997 ulionyesha kuwa maji ya Victoria yanapochafuka, rangi hazionekani vizuri na aina zinachanganyika. Ndani ya tangi, jike asipopata dume wa aina yake atazaa na yeyote. Vifaranga wa hivyo usimpe mtu kwa jina la nyererei. Wabaki kwako, au mpe anayejua wazi ni machotara na hatawazalisha.

REHEMA: Kwa hiyo kwenye chombo aandike.

SHIJA: Aandike aina, na kisiwa cha Ziwa Victoria walikotoka wazazi wao, kama anakijua. Wa Makobe na wa visiwa vya Python hawafanani rangi, wasichanganywe. Asipokijua, aandike hakijulikani. Asibuni.

REHEMA: Na safari? Kigamboni mpaka Mbezi si karibu.

SHIJA: Asiwalishe siku ya kuamkia safari. Ndoo yenye mfuniko, maji nusu, kivulini. Wakifika, mpokeaji aongeze maji yake kidogo kidogo kwa nusu saa hivi kabla ya kuwaachia. Na wiki ya kwanza msikilizaji wetu ampigie simu mpokeaji amuulize wanakula au la.

REHEMA: Na wakiwa hawali?

SHIJA: Apime amonia kabla ya kununua dawa yoyote.