Jinsi ya kuandaa kiunzi cha tufaha kwa ajili ya kuotesha seli za mfupa

Mambo vipi wadau, karibuni tena maabara. Leo nakuonesheni jinsi kipande cha tufaha kinavyooshwa mpaka seli zake zote zitoke, kibaki kiunzi cheupe ambacho seli shina za binadamu, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinaweza kukaa ndani yake na kuanza kutengeneza madini ya mfupa. Ukienda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, utawaona vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, na wapo ambao kipande cha mfupa kimepotea kabisa, yaani kuna pengo ambalo haliwezi kujiziba lenyewe. Njia ambayo madaktari wanaiamini zaidi mpaka leo ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi nyongani, na kuuweka kwenye lile pengo, lakini nyonga nayo ina mwisho, na unampa mtu kidonda cha pili na maumivu mengine. Ndo maana watu wanatafuta viunzi.

Kabla hatujaanza nisikilizeni vizuri hapa. Hii ni kazi ya maabara, si tiba, usije ukaweka tufaha wala jani lolote kwenye kidonda cha mtu. Na wale wanaouziwa vidonge na unga mtaani wakiambiwa ni seli shina zinazoziba mfupa, jamani, seli ukiimeza tumbo linaisaga kama chakula kingine, haifiki kwenye mfupa. Inaniuma sana maana wanaonunua ni watu wenye maumivu na hela yenyewe wameitafuta kwa shida.

Haya, hatua ya kwanza, tufaha. Haya nimeyachukua Kariakoo, chagua gumu lisilo na michubuko. Toa ganda, achana na sehemu ya mbegu, tunataka ile nyama ya katikati. Kata slesi nyembamba ya milimita 1 hivi, halafu toboa viduara vya milimita 5. Kwa nini tufaha? Kwa sababu nyama yake ina vitundu vya mikromita 100 mpaka 200, na hiyo ni saizi ambayo seli za mfupa zinaingia na chakula kinapita. Andrew Pelling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, ndo walionesha mwaka 2014 kwamba seli za wanyama zinaota vizuri humu.

Hatua ya pili ni kuosha, na hapa ndo kazi yote ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo. Tunatumia sodiamu dodesili salfeti, ni sabuni kali ya maabara, unga wake ukiuvuta unawasha kifua kwa hiyo vaa barakoa na glavu wakati wa kupima. Weka gramu 5 kwenye lita 1 ya maji yaliyochujwa, tumbukiza viduara, weka kwenye mashine ya kutikisa kwa siku mbili, na maji yakichafuka badilisha. Sabuni inayeyusha utando wa seli na kutoa protini na DNA, ila ukuta wa selulosi, zile nyuzi ngumu za mmea, haiugusi. Fikiria mirunda ya mafundi ghorofani, wenyewe wameshuka wote ila mirunda bado imesimama, na mafundi wapya wanaweza kupanda. Kipande kikiwa tayari kinakuwa cheupe, karibu unaona upande wa pili. Ila macho tu hayatoshi, pima DNA iliyobaki, kipimo kinachokubalika na wengi ni chini ya nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu.

Sasa ile sabuni iliyoua seli za tufaha itaua na seli zako pia! Suuza, suuza tena, tikisa chupa, ukiona povu bado rudia. Halafu loweka siku moja kwenye kalsiamu kloraidi, gramu 1.1 kwa mililita 100, inasaidia kung'oa sabuni iliyong'ang'ania. Itengeneze kwa maji yaliyochujwa, usitumie bafa ya fosfeti, yale maji ya chumvi ya maabara, maana kalsiamu na fosfeti zikikutana unapata chenga nyeupe na vipande vimeharibika. Suuza tena vizuri, mtaona mwishoni kwa nini nasisitiza.

Hatua ya tatu fupi, ethanoli ya asilimia 70 kwa saa moja, kisha bafa safi, na kuanzia hapo kila kitu ndani ya kabati la hewa safi.

Hatua ya nne, seli. Tunatumia seli shina za mesenkaima, zinapatikana kwenye uboho, mafuta ya mwili, hata ndani ya jino. Selulosi yenyewe seli haziipendi sana kuishika, kwa hiyo loweka kiunzi kwanza kwenye chakula cha seli chenye seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Dondosha seli nyingi kwenye tone dogo, subiri masaa kadhaa zishike, ndo ujaze chakula cha seli. Weka kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37, hewa ya ukaa asilimia 5. Baadaye kwenye chakula hicho ongeza vitamini C, beta-gliserofosfeti na deksamethasoni, hizi ndo zinazisukuma seli ziwe za mfupa, badilisha chakula kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki tatu mpaka nne.

Mwaka 2019 kuna watafiti walipandikiza viunzi vya tufaha vyenye seli kwenye matundu ya fuvu la panya na mfupa ukaota. Fuvu lakini halibebi mzigo, tufaha ni laini mno kwa mfupa wa paja, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi kwa hiyo kiunzi kinabaki humo humo. Hilo bado linaumiza vichwa.

Mwisho, rangi ya alizarini nyekundu, inashika kalsiamu. Weka kipande chenye seli na kingine kisicho na seli, vyote viwili lazima. Chenye seli kikiwa chekundu na kile kingine kimebaki cheupe, seli zako zimefanya kazi. Vyote vikiwa vyekundu, hiyo ni kalsiamu ya hatua ya pili haikutoka, rudi ukasuuze upya kwa vipande vingine.