Mtu wa Nusu Alama

Hamjambo wote. Asanteni kwa kuja.

Nianze na siku moja ya Februari 1990, nchini Korea Kusini. Kijana wa miaka 14 anamaliza mchezo wa tano, wa mwisho, wa kugombea taji la Choegowi. Amemshinda bingwa kwa nusu alama. Bingwa huyo ndiye mwalimu wake, na si mwalimu wa darasani. Ni mtu anayemlisha na kumlaza. Mchezo umekwisha, mtoto kamvua mwalimu taji, na pa kurudi kulala ni nyumba ileile.

Kijana ni Lee Chang-ho. Mwalimu ni Cho Hunhyun.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ni Go, Wakorea huuita baduk. Ubao una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, mnaweka mojamoja kwa zamu, na kete ikishatua haisogei tena. Ukiizingira ya mwenzako pande zote, unaiondoa. Wacheza bao, hapa msichanganyikiwe. Kwenye bao, kete ulizokula unazipanda upande wako nazo zinakufanyia kazi. Kwenye Go zinatoka nje, zinangoja hesabu ya mwisho. Anayeshinda ni aliyejizungushia eneo kubwa zaidi. Na kwa kuwa mweusi ndiye anayeanza, mweupe hufidiwa. Korea ya wakati ule ilimpa alama tano na nusu. Ile nusu iliwekwa ili pasitokee sare, basi. Hakuna aliyedhani kuna mtu atakuja kujenga maisha yake juu yake.

Lee alizaliwa Jeonju mwaka 1975, na ubao alifundishwa na babu yake. Mwaka 1984 Cho akamchukua nyumbani kwake. Cho naye alikuwa amelelewa vivyo hivyo huko Japani, chini ya mzee Segoe Kensaku. Lakini Segoe alikuwa mzee kweli. Cho alikuwa na miaka 31, yuko kileleni, na kumlea atakayekunyang'anya mataji ukiwa na umri huo ni jambo la ajabu kidogo. Nadhani hakutegemea mambo yangekwenda mbio vile.

Na hawakufanana hata kidogo. Cho walimwita Mbayuwayu: anatua, anachokoza, anakata, kabla hujajibu keshafika kona nyingine. Mwaka 1989 alitwaa Kombe la Ing la kwanza, mashindano ya dunia, kwa kumfunga Nie Weiping wa China 3 kwa 2. Mtoto yeye alikuwa mzito, mkimya, uso haubadiliki; baadaye wakamwita Buddha wa Jiwe. Cho mwenyewe amesimulia alivyoshangaa kuona mwanafunzi wake anashindwa kuurudia ubaoni mchezo aliotoka kuucheza, jambo ambalo watoto wenye kipaji hulifanya bila shida.

Husimuliwa kwamba siku moja Cho alimuuliza kwa nini ameliacha shambulio lililo wazi, akachagua njia ya kuzunguka. Mtoto akajibu kwamba njia ile ya mkato ingempa ushindi mkubwa, ila ina hatari. Hii nyingine inashinda kwa nusu alama, lakini ukiipita mara mia, inashinda mara mia.

Watu wakisikia hivyo husema: ana subira. Mimi sikubali. Subira ni kungoja usichokijua. Lee alikuwa anajua. Wenzake wakiwa bado wanapigana katikati ya ubao, yeye keshahesabu nani yuko mbele na kwa alama ngapi. Mwisho wa mchezo, pale mnapofunga mipaka, wengi waliuona kama kazi ya karani. Kumbe humo mna utajiri. Hatua ya alama tatu inayomlazimisha mwenzako ajibu, kisha zamu ikabaki kwako, inaweza kuwa na faida kuliko hatua ya alama tano inayoimaliza zamu yako. Sasa pana hatua kama hizo ishirini ubaoni, zinategemeana, na saa inakimbia. Lee alizipanga kwa mfuatano sahihi.

Nikiri kitu: michezo yake iliniletea usingizi mwanzoni. Ya Cho ni mizuri zaidi kuitazama, hata leo nasema hivyo. Ila kila nilipojaribu kuonyesha mahali ambapo mpinzani wa Lee alikosea, sikupaona. Alishindwa tu, polepole.

Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alimshinda mkongwe Rin Kaiho 3 kwa 2 kwenye Kombe la Tong Yang, akawa bingwa wa dunia. Mataji yaliyofuata sitayataja moja moja, tutakesha. Ila la Shanghai siliachi. Kombe la Nongshim hushindanisha timu za Korea, China na Japani, wachezaji watano kila upande, na anayeshinda anabaki kumkabili anayefuata. Msimu wa 2004 hadi 2005 Wakorea wanne walishatoka. Alibaki Lee peke yake mbele ya watu watano, Wachina watatu na wa Japani wawili. Aliwaondoa wote, mmoja baada ya mwingine, akamalizia Shanghai Februari 2005.

Baada ya hapo fainali zilianza kumponyoka. Choi Cheol-han alimfunga kwenye Kombe la Ing mwaka 2009, Kong Jie kwenye Kombe la LG mwaka 2010. Vijana walikuwa wamejifunza kuhesabu kama yeye, na wanapigana pia.

Kisha, Machi 2016, programu ya kompyuta ya AlphaGo ikamfunga Mkorea mwingine, Lee Sedol, 4 kwa 1. Watu walishangaa kuona mashine ikiwa mbele inacheza hatua zinazoonekana legevu, inaachia alama. Sababu ni kwamba iliundwa kutafuta uhakika wa kushinda. Ukubwa wa ushindi haikuujali. Wengine walishangaa. Mimi nilimkumbuka yule mtoto na mara zake mia.

Ubao uko hapa mezani, na nimeupanga mipaka ikiwa bado haijafungwa. Anayetaka kuona nusu alama inavyopatikana, asogee. Mweupe anatangulia kwa alama mbili na nusu, na zamu ni ya mweusi.