Thurso East: wimbi la Uskoti linalovunjika juu ya jiwe

JUMA: Haya karibuni tena wasikilizaji wetu, mi ni Juma nipo Dar, na upande wa pili yupo dada'ngu Mwanaidi, anaongea nasi kutoka Uskoti. Dada shikamoo.

MWANAIDI: Marahaba mdogo wangu, habari za huko?

JUMA: Huku salama, kusi imeanza kukaza, vijana pale Coco Beach wameshatoa mbao zao. Ila leo sitaki ya huku. Kuna watu wametuandikia, na siyo wanaojifunza, ni watu wanaosefu, yaani kupanda mawimbi kwa ubao, vizuri tu, mwamba wameuzoea, wameona picha za Thurso East wanataka kwenda, wanauliza wajiandaeje. Wewe umelisefu hilo wimbi, kwa hiyo leo kiti ni chako.

MWANAIDI: Basi nianze na jambo moja kabla hujaniuliza kitu, manake hilo ndo kipindi chote. Mtu akisikia wimbi la hatari anawaza ukubwa. Thurso East siyo ukubwa, siku nyingi linakuja kimo cha mtu, mtu na nusu, na wewe uliyezoea Morocco au Indonesia utasimama ufukweni uliangalie useme hili naliweza. Na unaliweza kweli, nusu saa ya kwanza. Kinachomshinda mtu pale ni muda. Baridi inakuibia muda kidogo kidogo bila kukuambia, afu unakuja kugundua mikono haipo pale ambapo ulikuwa unaihitaji zaidi.

JUMA: Hapo umenishika. Lakini kwanza tuwaweke watu mahali, Thurso ni wapi?

MWANAIDI: Ni mji wa kaskazini kabisa kwenye bara la Uingereza, huko Caithness. Kutoka Inverness unaendesha kama kilomita 175 kwenda juu, mkono wako wa kulia bahari, afu barabara inaanza kupinda na kupanda milima, ukifika kule juu nchi inakuwa bapa, miti hamna, mabwawa na matope meusi tu mpaka macho yanachoka. Treni ipo pia, inachukua karibu saa nne, polepole lakini inafika. Sasa Thurso East yenyewe ipo mjini kabisa, yaani pembeni ya mdomo wa Mto Thurso, upande wa mashariki, juu yake yapo magofu ya kasri. Hapo ndo watu wengi wanashangaa, wanategemea pori, kumbe wimbi linavunjika mbele ya nyumba za watu. Upweke wa pale siyo kukosa nyumba. Ni kwamba ukiumia hospitali ya karibu ipo Wick, kama kilomita 33, na ile kubwa ipo hukohuko Inverness.

JUMA: Na huo mwamba, ni matumbawe?

MWANAIDI: Hapana, na hii ni muhimu kwa mtu wa kwetu kuielewa. Sisi mwamba wetu ni matumbawe, una mashimo, una ncha, ukiukanyaga vibaya unakuchana. Ule wa Thurso ni jiwe la tabaka, limelala kama mabamba makubwa bapa, lilitokana na matope ya ziwa la zamani mno, miaka kama milioni 380 iliyopita. Karne ya 19 walikuwa wanayachonga hayo mawe ya Caithness na kuyapakia melini kwenda kusakafia barabara za miji ya mbali. Ukiingia mji wowote wa zamani wa Uskoti ukaona jiwe bapa la kijivu chini ya miguu yako, huenda limetoka kulekule.

JUMA: Kwa hiyo watu wanasefu juu ya sakafu.

MWANAIDI: Ndo hivo! Na sakafu ndo sababu wimbi linakuwa safi vile. Chini pako bapa, pana mteremko mdogo, kwa hiyo wimbi likishagusa mwamba linasimama lote kwa mpangilio, linaanza kuvunjika upande wa mashariki afu linakimbia kulia, kulia kwa yule aliye juu ya ubao, kuelekea mdomo wa mto. Linakimbia kwa muda mrefu, lina ukuta, na siku nzuri linafunga tyubu, yaani linajikunja linakuwa kama handaki. Mtu akianguka lakini haangukii shimo lenye kina, anaangukia bamba. Hamna kona ya kukuchana sana ila kuna uzito, unagonga kwa mgongo, kwa nyonga, na mbao zinavunjika pale.

JUMA: Tuzungumze maji sasa, kujaa na kupwa.

MWANAIDI: Maji yanapanda na kushuka sana, siku za bamvua inafika karibu mita nne, kwa hiyo mtu wa Zanzibar au Tanga hatashangaa. Yakipwa sana bamba linakuwa juujuu, wimbi linakuwa la haraka na jembamba, hiyo waachie wanaolijua. Mi nawashauri wageni waingie maji yakiwa katikati na yanajaa, hapo una kina kidogo chini yako na una saa kadhaa mbele. Upepo utoke kusini.

JUMA: Kusini? Kwetu kusi ndo inayochafua bahari.

MWANAIDI: Kwa sababu kwetu kusi inatoka baharini. Kule ghuba inatazama kaskazini, kusini ndo barani, kwa hiyo kusi yao inafanya kazi ya umande wetu wa asubuhi, inalisukuma wimbi usoni, inalishikilia lisimame. Na mawimbi yenyewe yanatoka kwenye dhoruba zinazopita kati ya Greenland, Iceland na Norway, zikikaa vizuri zinatuma mawimbi ya kaskazini-magharibi moja kwa moja. We angalia utabiri, ukiona sekunde kumi na kitu kati ya wimbi na wimbi, upepo mwepesi wa kusini, funga mizigo.

JUMA: Mi nimeona kwenye picha maji ya rangi ya hudhurungi, nikadhani ni uchafu.

MWANAIDI: Hapana bwana, watu wengi wanadhani hivo. Ule mto unatoka kwenye yale mabwawa niliyokuambia, Flow Country, ambayo mwaka 2024 UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia. Ni mboji, mimea iliyolala kwenye maji maelfu ya miaka bila kuoza, na maji yakipita humo yanatoka rangi ya chai ya rangi kabisa. Mvua ikinyesha sana mto unajaa, maji hayo yanasambaa ghuba nzima, wimbi linasimama nayo na jua likiwa nyuma yake unaona mwanga unapita rangi ya shaba. Nakwambia ni wimbi zuri sana, mi nalipenda kwa moyo wote. Ila lina gharama, manake maji ya mto wakati wa baridi ni ya baridi kuliko hata bahari, yanatoka kwenye theluji iliyoyeyuka huko juu, na humo ndo unapita unapoingia.

JUMA: Unaingiliaje kwani?

MWANAIDI: Wengi tunatumia upande wa mto. Wimbi linaishia huko, kwa hiyo pale kuna mlango, maji hayavunjiki, na mkondo wa mto unakupeleka nje wenyewe, wewe unapiga kasia taratibu bila kupigwa kichwani. Raha hiyo ina mtego wake, mto ukiwa umejaa unakusukuma kuliko ulivyokusudia. Na ukitoka mbali sana nje ya ghuba unakwenda kwenye maji ya Pentland Firth, mkondo wa kule unapita mita nne kwa sekunde, hakuna binadamu wa kushindana nao. Ndo maana nasema chagua alama mbili barani kabla hujaingia, mfano kona ya kasri na paa la nyumba fulani, kila baada ya seti, yaani kundi la mawimbi makubwa yanayofuatana, unageuka unaziangalia. Zikiwa zimeachana, rudi.

JUMA: Tuje kwenye baridi. Nyuzi ngapi?

MWANAIDI: Mwisho wa baridi, Februari na Machi, maji yanashuka mpaka nyuzi 6 au 7. Kilele chake mwisho wa kiangazi ni kama 13. Sasa mtu aliyezoea maji ya nyuzi 27 hizo namba hazimwambii kitu mpaka aingie. Kinachotokea ni hivi. Dakika ya kwanza ukiingia mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unakimbia, na pumzi hiyo ukiivuta ukiwa chini ya wimbi umekunywa maji. Kwa hiyo usikimbilie nje. Ingia mpaka kiunoni, mwaga maji usoni, ingiza maji kidogo shingoni, subiri pumzi itulie, ndo ulale juu ya ubao. Hatua ya pili ndo yenye hila, damu inakimbia mikononi na miguuni inarudi kifuani kulinda moyo, kwa hiyo vidole vinakufa, afu misuli ya mikono inakuwa mizito. Akili yako bado nzuri, unajiona mzima. Unaliona wimbi linakuja, unapiga kasia kama kawaida, ila nguvu ni theluthi mbili tu, kwa hiyo unalidaka umechelewa, unasimama umechelewa, mguu wa mbele hujui umekanyaga wapi kwa sababu huusikii. Na wimbi la Thurso halikusubiri, lile bamba linalisimamisha ghafla.

JUMA: Yaani unafanya makosa ambayo huku usingeyafanya.

MWANAIDI: Ndo maana nikasema ni muda. Kuna kipimo kimoja kidogo tunakitumia, kila baada ya muda toa mkono mmoja ubaoni, gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Ukishindwa, toka. Usiseme bado moja. Hata kama seti nzuri ndo imeanza kuonekana, toka, manake bado una kazi ya kurudi ufukweni na kupanda mawe.

JUMA: Na mavazi je? Mtu akiwa na wetisuti, lile vazi la mpira la kuzuia baridi, ya milimita 3 anayoitumia Cape Town...

MWANAIDI: Aiache nyumbani. Majira ya baridi milimita 6 kifuani na 5 mikononi, hudi ya kufunika kichwa iliyoshonwa humohumo siyo ya kuvaa peke yake, buti za 7, glavu za 5. Wetisuti ibane, ikiwa inapwaya wimbi likikupiga maji mapya yanaingia yote mgongoni na umeanza upya. Watu wanalalamika glavu zinawanyima hisia ya ubao, kweli, lakini mkono mtupu unakunyima mkono wenyewe. Na masikio, jamani, hilo watu wanalidharau. Maji chini ya nyuzi 19 miaka na miaka yanafanya mfupa wa ndani ya sikio ukue, tundu linazibika taratibu, mpaka upasuaji. Vaa vizibo kuanzia siku ya kwanza.

JUMA: Halafu kuna jambo la jina la O'Neill, ile kampuni ya wetisuti, pale palishafanyika mashindano yao, si ndo?

MWANAIDI: Ndo, O'Neill Highland Open, 2006, Russell Winter wa Uingereza ndo alishinda. Na inapendeza kwa sababu Jack O'Neill mwenyewe ndo mmoja wa waliolifanya vazi hili liwe la kila mtu, alifungua duka lake San Francisco 1952 maji ya huko yakiwa baridi vilevile. Ila usidhani dunia ililijua Thurso 2006, ubingwa wa Ulaya ulishafanyika palepale 1981, na vijana wa mji walikuwa wanaingia hata kabla.

JUMA: Wenyeji wakoje?

MWANAIDI: Wapole sana, lakini wanakuangalia. Wimbi linaanzia sehemu moja ndogo, wakiwa watu kumi tu wamejaa. Ukifika salimia, kaa pembeni kule begani mwa wimbi, ambako bado halijavunjika, chukua yanayobaki, usiende moja kwa moja kileleni, pale linapoanzia kuvunjika, kwa sababu eti umesafiri mbali. Na barani ni shamba la mtu, geti ulilolikuta limefungwa lifunge, gari usizibe njia ya trekta. Hayo mambo yanawaudhi kuliko hata kuibiwa wimbi.

JUMA: Ukitoka majini sasa?

MWANAIDI: Hapo usijidanganye kwamba umemaliza. Ukitoka, ile damu baridi ya mikononi inaanza kurudi kifuani, mwili unaendelea kupoa hata ukiwa nchi kavu, mtu anaweza kuzimia dakika kumi baadaye akiwa amesimama kwenye gari. Kwa hiyo panga kila kitu kabla hujaingia. Nguo kavu juu, kwa mpangilio wa kuvaa, kofia ya sufu ya kwanza kabisa. Ndoo ya kusimama ndani. Chupa ya maji ya vuguvugu ya kumwaga kwenye glavu na buti zikubali kuvuka. Ufunguo wa gari wa kuzungusha siyo kitu cha kubonyeza vidogo vidogo, mi nimeshamsaidia jamaa mmoja aliyekuwa analia mbele ya gari lake, ufunguo anao, vidole havimtii. Chai tamu, gari liwe linanguruma, na usioge maji ya moto sana mara moja.

JUMA: Na kama mtu anakwenda peke yake?

MWANAIDI: Asiingie. Aende Dunnet Bay, kama robo saa hivi kwa gari, pale ni mchanga, asefu, arudi siku akiwa na mwenzake. Kukitokea jambo unapiga 999 unaomba walinzi wa pwani, na boti ya uokoaji ya RNLI, shirika la hiari la uokoaji baharini, ipo hapohapo Thurso, wanakuja haraka. Lakini nani atawaita kama hakuna aliyekuona?

JUMA: Swali la mwisho, mtu akija mara moja tu, mwezi gani?

MWANAIDI: Mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba. Bahari bado imeshika joto la kiangazi, unapata nyuzi 11, 12, dhoruba za kaskazini zimeshaanza, na mwanga upo wa kutosha. Desemba jua linatoka saa tatu asubuhi linazama saa tisa na dakika ishirini, ukikosea maji kujaa ndo siku imeisha. Oktoba una nafasi ya kukaa juu ya yale mawe saa nzima uangalie linavyovunjika, mi siku zote nakaa, naangalia seti zinaanzia wapi, nani anaanguka wapi, mto umejaa kiasi gani, ndo nafungua zipu ya begi.

JUMA: Nimekuelewa dada. Wale mliouliza kuhusu Brims Ness, wimbi jingine la hukohuko Caithness, hiyo ni habari nyingine kabisa, kule mwamba ni juujuu zaidi, tutaichukua wiki ijayo.

MWANAIDI: Na hiyo nitakuja na jamaa wa hukuhuku anayeijua kuliko mimi.