Rasta au Vibao? Mazungumzo ya Njia za Kutokea

AIKA: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu, ila kaka Baraka ana jambo lake tangu Jumanne.

BARAKA: Jumanne, njia ya Moshi, Noah iliyokuwa mbele yetu ilifunga breki ghafla ikakunja kushoto kuingia njia ya kutokea, ile ya kuachia barabara kuu. Fuso la nyuma lilipona kwa kukwepa. Na dereva wa Noah hakuwa mzembe, dada. Kibao kimefunikwa na migomba, alikiona ameshafika.

AIKA: Mwendo gani?

BARAKA: Tuseme kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni mita 22 kila sekunde. Mpe sekunde mbili na nusu za kuona, kuelewa na kukanyaga: mita 56 zimekwisha na gari halijapungua hata kidogo. Breki nazo zinataka mita 70 na ushee. Jumla kama 130. Ukikiona kibao zimebaki mita 60, umechelewa hata kama gari ni jipya.

AIKA: Na ongeza kilima. Njia ya kutokea ikiwekwa ng'ambo ya mgongo wa kilima, mwenye gari dogo, ambaye macho yake yako mita moja na kidogo juu ya lami, haioni mpaka aanze kushuka. Ikiwekwa kabla ya mgongo, kwenye mpando, anaiona toka mbali, na mlima wenyewe unampunguzia mwendo.

BARAKA: Hapo tuko pamoja. Sasa sehemu ya kupunguzia mwendo. Kutoka 80 hadi 40 bila kuwarusha abiria inataka mita 90 na kitu, kwenye usawa; kwenye mteremko zaidi. Ikiwa fupi, dereva anapunguzia kwenye barabara kuu yenyewe, Fuso likiwa mgongoni.

AIKA: Ndiyo maana nasema ziwekwe rasta, ile mistari ya kutikisa gari barabarani.

BARAKA: Haya, tumefika kwenye rasta!

AIKA: Tulikuwa tunakuja huko. Mtu aliyenyoosha mwendo muda mrefu, 60 anaiona kama anatembea. Kibao hakimwamshi, mtikisiko unamwamsha. Ila rasta ziwe kwenye mnyooko, kabla kona haijaanza, amalize breki kabla ya kukunja. Zikiwa ndani ya kona, tairi linaulizwa kazi mbili kwa mpigo, na trela linaanza kukisukuma kichwa cha lori.

BARAKA: Dada Aika, umesimama kando ya rasta ukatazama? Wanazikwepa kwa kupanda bega la barabara, na begani ndiko kuna bodaboda na mama wa ndizi. Wazoefu wanaongeza mwendo ili wasitikisike.

AIKA: Basi zifike mpaka mwisho wa bega.

BARAKA: Zikifika huko baiskeli ipite wapi?

AIKA: Iachiwe upenyo mwembamba ukingoni.

BARAKA: Na bodaboda ataupita huo huo! Mimi nataka dereva aone. Marekani, kwenye njia kubwa za kutokea, kibao kinaanza maili mbili kabla, halafu moja, halafu nusu. Ujerumani kuna vibao vya michirizi: mitatu mita 300, miwili 200, mmoja 100. Dereva anahesabu kushuka, mguu unaachia mafuta wenyewe.

AIKA: Vibao hivyo viweke hapa. Wiki ya pili viko kwenye mzani wa chuma chakavu. Rasta haiuziki.

BARAKA: Tutengeneze vya plastiki.

AIKA: Vitavunjwa na ng'ombe wanaovuka.

BARAKA: Basi michirizi ichorwe kwenye lami.

AIKA: Usiku, mvua inanyesha, rangi imechakaa, nani anaiona?

BARAKA: Rasta iliyochakaa nayo inamwamsha nani?

AIKA: Inakwanguliwa upya.

BARAKA: Na rangi inapakwa upya. Sikubali.

AIKA: Hata mimi.

BARAKA: Fundi mitambo anaonyesha vidole viwili.

AIKA: Dakika mbili? Jamani, na mwanga wa usiku? Na vipenyo vya kona?

BARAKA: Na malori yenye mzigo. Hatujagusa hata kimoja.

AIKA: Wiki ijayo tuanze na malori. Na rasta zako—

BARAKA: Rasta zako wewe, dada. Kwaherini wasikilizaji.