Nusu ya Harry: James Bond mikononi mwa Amazon

Asante mwenyekiti. Kwanza nirekebishe tangazo lenu. Pale mlangoni mmeandika kwamba leo nitazungumzia nani atakuwa James Bond ajaye, yaani mwigizaji atakayemcheza jasusi yule wa sinema. Sitazungumzia hilo. Aliyekuja kwa ajili hiyo asiondoke, viti tumehangaika kuvipata, ila ajue mapema.

Tangu tarehe 20 Februari 2025, Amazon walipotangaza kwamba sasa wao ndio wenye kauli ya mwisho kwenye filamu za Bond, kila nikikaa na wapenzi wa filamu hizi mabishano ni yale yale. Huyu anamtaka mwigizaji Henry Cavill. Yule anataka mtu mweusi. Mwingine anataka kijana asiyejulikana hata kwao. Wa nne ananuna pembeni, anasema stelingi alishakufa kwenye filamu ya mwaka 2021, tena tumeona kwa macho yetu, sasa mnamfufua vipi? Siku ile ile ya tangazo Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akaingia kwenye mtandao wa X akauliza watu wangemchagua nani. Mkamjibu kwa maelfu! Mwenye duka kawauliza wateja wapendekeze rangi ya bango, wateja wakadhani wameingizwa kwenye bodi.

Mimi swali langu ni moja, na mlionizoea mmeshalisikia mpaka mmelichoka: nani ana haki ya kukataa? Kwa miaka sitini filamu hizi zilikuwa na watu, wakati mwingine wawili, wakati mwingine mmoja, ambao wakisema hapana basi imekuwa hapana. Studio ingeweza kuleta fedha, kununa, kutishia mahakama. Bila watu hao hakuna mwigizaji anayechaguliwa wala ukurasa wa hadithi unaopita. Kilichouzwa Februari ile ni hiyo hapana.

Wengi mnadhani mambo yalianza hapo. Wajanja kidogo mtasema yalianza Machi 2022, Amazon walipokamilisha kuinunua studio ya MGM kwa dola bilioni 8.45. Mimi nasema yalianza 1975, na aliyefungua mlango anaitwa Harry Saltzman. Hapa mnivumilie, maana hiki kisa nikikifupisha hakuna kitakachoeleweka baadaye.

Mwaka 1961 Saltzman, mzaliwa wa Kanada anayefanya kazi London, ana karatasi mkononi: haki ya muda ya kutengeneza filamu kutokana na vitabu vya James Bond vya mwandishi Ian Fleming. Muda wenyewe unakaribia kwisha, na studio hana. Albert Broccoli, Mmarekani wa ukoo wa Kiitaliano aliyeitwa Cubby na kila mtu, anavitaka vitabu hivyo na ana watu anaowajua. Wakakubaliana nusu kwa nusu. Wakaenda New York kwa studio ya United Artists, wakatoka na ahadi ya takriban dola milioni moja. Wakafungua kampuni mbili: Eon ya kutengeneza filamu, na Danjaq ya kushika haki. Danjaq ni majina ya wake zao, Dana wa Cubby na Jacqueline wa Harry, yamekatwa na kuungwa. Oktoba 1962 Dr. No ikaonyeshwa London, na Sean Connery, aliyemcheza Bond, akawa Sean Connery.

Sasa angalieni huo mgawanyo. Nusu kwa nusu. Hakuna mwenye asilimia 51. Ni mkataba mzuri wakati watu wanapendana, na hawa hawakupendana muda mrefu. Cubby alitaka Bond tu, asubuhi Bond, jioni Bond. Harry alikuwa mtu wa miradi kumi kwa wakati mmoja. Akakopa fedha nyingi kununua hisa za Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, na benki ikataka dhamana. Dhamana akaweka nini? Nusu yake ya Danjaq. Kwa Cubby huo ulikuwa usaliti, kwa sababu kwa maelezo yake makubaliano yao hayakuruhusu mmoja kuiweka rehani mali ya pamoja. Mambo ya Technicolor yakaharibika, madeni yakabaki, benki ikabisha hodi. Wakati huo huo Jacqueline, yule ambaye jina lake limo ndani ya Danjaq, alikuwa anaugua saratani. Kwa hiyo mimi Harry simcheki. Lakini hesabu ni hesabu: filamu ilitoka 1974, iliyofuata ikatoka 1977, na katikati hapo hakukuwa na upungufu wa hadithi wala waigizaji. Kulikuwa na mawakili.

Cubby hakutaka mgeni aingie. Harry hakuwa na namna ila kuuza. Mwishoni mwa 1975 nusu yake ikaenda kwa United Artists wenyewe, wale wale waliokuwa wakitoa fedha na kusambaza. Baadaye karatasi zikapangwa upya, familia ya Broccoli ikaishika Danjaq yote, lakini studio ikabaki na nusu ya hakimiliki ya filamu pamoja na usambazaji. Na studio, tofauti na familia, huuzwa. Ndiyo kazi yake. Mwaka 1981 United Artists ikaingia MGM baada ya filamu moja ya makauboi kuiletea hasara kubwa. Mwaka 1990 MGM ikanunuliwa na Mtaliano Giancarlo Parretti. Kisha ikaangukia mikononi mwa benki ya Kifaransa ya Crédit Lyonnais. Ikarudi tena Marekani. Ikafilisika 2010. Ikanunuliwa na Amazon. Nusu ya Harry ndiyo hiyo, imezunguka kuliko noti ya elfu moja. Nusu ya Cubby haikutoka nyumbani: alipofariki 1996 tayari kazi ilikuwa kwa binti yake Barbara na mtoto wake wa kambo Michael G. Wilson.

Naona mkono kule nyuma, na najua unachotaka kusema. Kama studio ilikuwa na nusu siku zote, mbona familia ndiyo iliyoamua? Kwa sababu ya mkataba, kaka. Kumiliki nusu ya nyumba hakukupi ufunguo wa jikoni. Ubunifu ulikuwa wa familia. Parretti alilijua hilo kwa uchungu: alitaka kuuza mapema haki za televisheni za filamu zote za zamani ili apate fedha za kulipia ununuzi wake, familia ikampeleka mahakamani. Ndiyo maana kati ya Licence to Kill ya 1989 na GoldenEye ya 1995 kuna miaka sita mitupu, na Timothy Dalton, Bond wa wakati huo, akaondoka akiwa amecheza mara mbili tu. Watu bado wanasema Dalton alishindwa kuvuta watazamaji. Dalton alishindwa na kesi!

Basi Amazon nao walipoingia 2022 walikuta mlango huo huo. Wana nusu, hawana ufunguo. Mwaka ukapita, miwili ikapita, hakuna filamu, hakuna hata mwigizaji. Kilichotoka ni shindano la televisheni, 007: Road to a Million, la mwaka 2023, ambalo nililiangalia kwa ajili yenu na sitalizungumzia zaidi. Desemba 2024 gazeti la Wall Street Journal likaandika kwamba Barbara Broccoli na wakubwa wa Amazon hawaelewani kabisa. Miezi miwili baadaye familia ikaachia. Sikilizeni vizuri: hawakuuza kila kitu. Bado ni wamiliki wenza ndani ya kampuni ya pamoja. Walichokabidhi ni uamuzi.

Hapa ndipo wapenzi wa Bond wanagawanyika, na kila upande unanichosha kwa namna yake. Kuna wanaolia kama kafiwa na mama. Kuna wanaoshangilia: afadhali, familia ilikuwa imezeeka, imelala, kati ya Spectre ya 2015 na No Time to Die ya 2021 tumesubiri miaka sita tena. Janga la korona lilichukua mwaka mmoja na nusu hapo, lakini hata ukiondoa hiyo, sawa, walikuwa wazito. Sina haja ya kuwafanya malaika.

Ila nikumbusheni ninyi mlikuwa wapi mwaka 2005. Eon walipomtangaza Daniel Craig kuwa Bond mpya, mashabiki walifungua tovuti nzima ya kumkataa. Kosa lake kubwa? Nywele za rangi ya dhahabu. Bond hawezi kuwa na nywele hizo, watu wakaapa kususia. Casino Royale ikatoka 2006, wakanyamaza. Skyfall ya 2012 ikapita dola bilioni 1.1, wakasema tulijua tangu mwanzo. Mngepewa kura mwaka 2005 Craig asingepita hata mchujo wa kata. Huyo ndiye mtu ambaye Barbara Broccoli alimng'ang'ania, studio ikiwa na wasiwasi na mashabiki wakizomea. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni yenye takwimu za watazamaji dunia nzima itachagua vizuri zaidi kwa sababu inajua tunachotaka, mimi naogopa hapo hapo. Mwaka ule tulichotaka kilikuwa Pierce Brosnan, Bond aliyemtangulia Craig, arudi.

Tena hiyo Casino Royale, kwa kuwa nimeitaja, mapema tu kuna sehemu imeandikwa Mbale, Uganda. Mtu wa Mbale akiitafuta Mlima Elgon pale ataitafuta mpaka kesho. Ule ni msitu wa Buckinghamshire, Uingereza. Tuendelee.

Oktoba 2025 tukapata dalili ya kwanza ya jikoni mpya. Kwenye Prime Video, huduma ya Amazon ya kuonyesha filamu mtandaoni, picha za kutangaza filamu za zamani zikabadilishwa: bastola zimefutwa. Mkono upo, vidole vimejikunja pale pale vilipokuwa vimeshika kitu, kitu chenyewe hakipo. Jasusi mwenye leseni ya kuua anasimama kama anasubiri daladala. Mashabiki wakapiga kelele, na safari hii walikuwa na haki, picha zikaondolewa zikawekwa nyingine. Wengine mkaniambia mwalimu, hilo ni dogo, ni picha tu. Ni dogo kweli. Ila niambieni ni nani aliyeliidhinisha. Hamjui. Mimi pia simjui, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko bastola. Zamani ukichukia kitu kwenye Bond ulijua wa kumnunia. Walipoleta gari lisiloonekana mwaka 2002 tulijua jina la Barbara na la kaka yake Michael. Sasa tutamnunia idara gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina mengine hapa nitayakimbiza.

Watu waliowekwa. Watayarishaji ni Amy Pascal na David Heyman, mwongozaji ni Denis Villeneuve, mwandishi ni Steven Knight. Hakuna wa kumdharau hapo. Pascal alikuwa Sony wakati Sony inasambaza filamu za Craig, Heyman alisimamia filamu zote za Harry Potter. Filamu moja nzuri nina hakika tutaipata. Hofu yangu ni filamu ya tano, wakati Villeneuve ameshaenda zake na mtu wa ratiba anataka kitu cha kujaza Novemba.

Tamthilia za pembeni za wenzake Bond kazini: Moneypenny ana yake, Q ana yake, M akiwa kijana. Familia ilizikataa miaka mingi. Amazon hawajatangaza, kwa hiyo nisiwasingizie. Nimeruka.

Kama Bond awe mweusi, awe mwanamke. Nilisema sizungumzii. Nimeruka.

La mwisho, na hili naona halitajwi mnapobishana. Mtasema sisi yatuhusu nini, matajiri wa London na Seattle. Humu ndani kuna wanaoandika. Kizazi kizima hapa kililelewa na Willy Gamba, jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, na kuna mtu kwenye chumba hiki ana jasusi wake kwenye daftari. Fleming aliuza haki za filamu za Casino Royale peke yake mwaka 1955, kwa dola 6,000, kabla ya Saltzman na Broccoli. Kitabu cha kwanza cha Bond! Kikazunguka, kikatengenezewa filamu ya vichekesho 1967, na watengenezaji wa Bond hawakukipata mpaka makubaliano ya MGM na Sony ya mwaka 1999. Kwa hiyo ukiletewa mkataba, soma kifungu cha filamu kabla ya kuangalia kiasi.

Na kuna saa inayogonga. Fleming alifariki Agosti 1964. Uingereza inahesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo tarehe 1 Januari 2035 vitabu vyake vinakuwa huru kule. Marekani Casino Royale inasubiri hadi 2049. Sasa mtaelewa kwa nini Amazon hawawezi kukaa miaka sita wakipepesuka. Kenya sheria inahesabu miaka 50, maana yake maandishi ya Fleming mwenyewe yako huru pale tangu 2015. Lakini asitoke mtu hapa akakimbilia kutengeneza filamu yake. Muziki ule si wa Fleming, filamu zina hakimiliki yake, jina na namba 007 vimesajiliwa kama alama za biashara, na ukivuka mpaka tu unakutana na sheria nyingine. Anayetaka kujaribu atafute wakili kwanza, kamera baadaye. Haya, maswali, na yule wa nyuma ataanza.